Kampuni ya bima imeandika yenyewe kuwa inalipa ndani ya mwaka

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha nusu ukurasa wa taarifa za fedha za kampuni moja ya bima, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nilivaa miwani, juu yake nikashika lenzi ambayo mume wangu huitumia kusomea maelezo ya dawa zake, nikashuka nayo mstari kwa mstari mpaka chini. Huko chini, baada ya faida, mtaji na saini za wakurugenzi wawili, palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza kwamba sera muhimu za uhasibu zinapatikana katika taarifa kamili. Yaani kile kinachomweleza msomaji hizo tarakimu zimepatikanaje ndicho kilichoachwa nje.

Mimi ni mhasibu mstaafu, naishi Chumbageni hapa Tanga. Niliingia kwenye bima mwaka 1999, soko likiwa bado bichi. Kabla ya hapo, tangu Azimio la Arusha, bima ilikuwa ni Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa 1963 na kutaifishwa 1967, na kwa miaka mingi hapakuwa na mlango mwingine wa kugonga. Sheria ya 1996 ikaruhusu kampuni binafsi, nami nikaajiriwa na mojawapo, idara ya hesabu, dawati la bima za magari. Nilikaa miaka 22. Sitaitaja, na haiwahusu wengine. Barua hii haimhusu mwajiri wangu wa zamani ila mahali pachache nitakapokiri madhambi yangu mwenyewe.

Mtoto wa marehemu kaka yangu ana kanta. Hubeba machungwa ya Muheza kwenda Dar es Salaam, msimu ukiisha hubeba chochote kinacholipa. Tarehe 3 Agosti 2023 aliikatia bima kubwa kwenye kampuni ileile ya hesabu za gazetini: ada shilingi 1,200,000, juu yake VAT ya asilimia 18, jumla 1,416,000, akalipa yote kwa simu siku ileile. Novemba, karibu na Segera, lori lililokatika breki likaigonga kanta kwa nyuma na kuisukumia mtaroni. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Polisi walipima, mkadiria hasara akaja na kamera yake, ripoti ikatoka: shilingi 17,400,000. Nyaraka zilikamilika Januari 2024. Huu ni mwezi wa 19 tangu ajali, na kanta iko gereji imeota majani kwenye kabini.

Kila akienda anaambiwa faili liko makao makuu. Safari ya mwisho meneja alimwambia avumilie, kwa sababu mwaka jana kampuni haikupata faida nzuri.

"Shangazi," akaniambia jioni ile, "kama hawana faida, watanilipa na nini?"

Mhariri, nilicheka, halafu nikakasirika. Kijana ana diploma, anaendesha biashara, anajua bei ya dizeli ya kila kituo kati ya hapa na Chalinze, lakini mtu mwenye tai amemwambia jambo la uongo la kihasibu na hana pa kulipimia. Kwa faida ya wengine walioambiwa hivyohivyo, naomba nieleze.

Ajali ilitokea Novemba 2023. Kampuni inapofunga hesabu tarehe 31 Desemba 2023, lazima iandike deni la kila ajali iliyokwishatokea, iwe imelipwa au haijalipwa. Ripoti ikishatoka, shilingi 17,400,000 za huyu kijana zinakaa humo, kwenye fungu linaloitwa deni la madai yaliyotokea, na zimeshakatwa kama gharama. Maana yake faida ya 2023 ilishapunguzwa kwa ajili yake. Kumlipa 2024 au leo hakupunguzi faida hata senti. Kunapunguza fedha benki upande mmoja na deni upande wa pili, basi. Baadaye kampuni itaidai bima ya lile lori, hiyo ni shughuli yake. Faida ya mwaka jana haina uhusiano wowote na fidia ya ajali ya mwaka juzi. Mwenye uhusiano nayo ni mtu anayependa fedha ziendelee kulala kwenye hati fungani za serikali zikizaa riba kwa jina la kampuni, wakati kanta inaota majani.

Kesho yake nikaamua nitafute hizo taarifa kamili. Zilikuwamo kwenye tovuti ya kampuni, kurasa 94, zote Kiingereza. Nilimpelekea kijana wa steshenari azichape, shilingi 150 kwa ukurasa, shilingi 14,100. Aliponisikia nikimwambia aanze na sehemu ya sera muhimu, akaniuliza kama nagombea udiwani. Nikamwambia mwaka huu wa uchaguzi kila sera inadhaniwa ni ya chama. Hizi ni za uhasibu, na hazina kofia wala fulana za bure.

Sera zilianza ukurasa wa 21 na kuishia wa 38. Kwenye ukurasa wa 27 nikakutana na aya ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko barua za mume wangu za uchumba. Naieleza kwa Kiswahili changu. Kampuni inasema haipunguzi thamani ya madai yaliyotokea kwa ajili ya muda, kwa sababu inatarajia kuyalipa ndani ya mwaka mmoja tangu yatokee.

Msomaji anaweza kupita hapo bila kusimama, kwa hiyo nimsimamishe. Tangu tarehe 1 Januari 2023 kampuni za bima zinafuata kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 17. Kiwango hiki kinasema fedha utakayolipa baada ya miaka mitatu isiandikwe kwa thamani sawa na ya kulipa kesho, kwa hiyo deni la mbali lipunguzwe kwa kiwango fulani cha riba. Ni kazi yenye usumbufu, inataka watakwimu bima, yaani wataalamu wa kukisia madai kwa hesabu, na kompyuta. Kwa hiyo watunga kiwango wakatoa ruhusa: kwa mikataba mifupi kama bima za magari, inayohesabiwa kwa njia nyepesi ya kugawanya ada kwa muda wa bima, kampuni inaweza kuruka hesabu hiyo kwa madai inayotarajia kuyalipa ndani ya mwaka mmoja au chini yake tangu ajali itokee. Ruhusa ina sharti, na sharti ni hilo tarajio.

Kampuni iliyomwambia mtoto wa kaka yangu avumilie imechukua ruhusa. Imeweka saini. Mkaguzi wa nje ameweka saini. Wote wamekubaliana kwenye karatasi kwamba madai ya hapa hulipwa ndani ya mwaka.

Nikaendelea kufunua. Ukurasa wa 71 una jedwali la pembetatu, wenyewe tunaliita pembetatu tu, linaloonyesha madai ya kila mwaka wa ajali na jinsi yalivyoendelea kulipwa miaka iliyofuata. Kiwango hichohicho kinasema jedwali hili halihitajiki kwa madai ambayo kiasi chake na muda wake wa kulipwa kwa kawaida hujulikana ndani ya mwaka. Wao wameliweka, la magari. Na ndani yake ajali za 2021 bado zinalipwa 2024! Ukurasa wa 27 unasema mwaka mmoja, wa 71 unasema mitatu, katikati kuna kurasa 43 ambazo nadhani hakuna aliyezivuka akiwa macho.

Najua mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa ni bosi mkubwa, atapiga simu akisoma hapa. Atasema: mama, kutopunguza kunalifanya deni liwe kubwa zaidi, siyo dogo, kampuni imejibana yenyewe, inamdhulumu nani? Kweli kabisa, mwanangu. Sisemi kampuni imeficha deni. Atasema pia kwamba tarajio ni la kundi zima la madai, haliwi ahadi kwa dai moja moja. Hilo nalo kweli. Lakini kundi ni faili hizohizo zikiwa zimefungwa kamba. Kama kwa kawaida mnalipa ndani ya mwaka, mwonyesheni huyu mwenye miezi 19 ni kwa nini yeye si wa kawaida. Kama kwa kawaida hamlipi ndani ya mwaka, basi ruhusa si yenu, futeni aya ya ukurasa wa 27 mpige hesabu ya riba kama kiwango kinavyotaka, na wateja wasome kwenye taarifa zenu kwamba mnategemea kuwalipa baada ya miaka mitatu. Mojawapo. Sera ya uhasibu ni kauli kuhusu tabia ya kampuni, siyo pambo.

Ingawa nakubali, sisi wenyewe ndio tuliifanya pambo.

Hapa ndipo penye kukiri. Nilikuwa naandaa kurasa hizo kila Februari, na kazi ilikuwa kufungua faili la mwaka uliopita, kubadilisha tarehe, kupeleka kwa mkaguzi. Kurasa kumi na saba za maneno ya viwango, yamenakiliwa neno kwa neno kana kwamba mtu ameomba nakala ya kitabu. Mwaka mmoja nilisahau kubadilisha tarehe kwenye aya ya bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine. Ikabaki ya zamani. Mwaka uliofuata nikaiona, nikanyamaza kwa udadisi, nikaiacha tena. Wakaguzi hawakuiona, bodi haikuiona, wanahisa hawakuiona. Mwaka wa tatu niliirekebisha kwa aibu, peke yangu, saa mbili usiku, nikijua kwamba mimi ndiye msomaji pekee wa kurasa hizo duniani.

Watunga viwango wa London walilijua tatizo hili. Februari 2021 walibadilisha kanuni: badala ya kampuni kueleza sera zake "muhimu", ieleze habari za sera zile tu zenye uzito kwa msomaji, na wakasisitiza kwamba yanayohusu kampuni yenyewe yanafaa kuliko maneno ya jumla ya kunakili. Ikaanza siku ileile ya IFRS 17, Januari 1, 2023. Ripoti niliyochapisha kwa 14,100 bado ina kurasa kumi na nane. Wamebadilisha kichwa cha habari.

Ndani ya kurasa hizo kuna mambo ambayo mtu wa kawaida akielezwa kwa Kiswahili angeyafuatilia kama ligi. Chukua ada ya kijana wetu, 1,200,000 bila VAT, maana VAT ni ya serikali, kampuni inaibeba tu. Amelipa yote Agosti. Je, tarehe 31 Desemba kampuni ina haki ya kujiita imepata milioni moja na laki mbili? Haina. Imempa ulinzi wa miezi michache, mingine bado inadaiwa. Zamani tuligawa mwaka vipande 24, tukichukulia kwamba bima zote za mwezi zimekatwa katikati ya mwezi. Ya Agosti, ikifika mwisho wa Desemba, imekula vipande 9, kila kipande 50,000: mapato 450,000, na 750,000 zinabaki deni la ulinzi. Ukihesabu kwa siku unapata jibu jingine. Tangu tarehe 3 Agosti mpaka 31 Desemba ni siku 151, na mkataba wake ulikuwa wa siku 366, kwa kuwa Februari 2024 ilikuwa na siku 29. Mapato yanakuwa 495,082. Bima moja, mteja mmoja, tofauti ya shilingi elfu arobaini na tano, na hakuna aliyeiba. Kwenye bima maelfu tofauti hizi hufutana, za mwanzo wa mwezi na za mwisho wa mwezi, ila kwa kampuni ambayo mawakala wake wanauza sana wiki ya mwisho kutafuta kamisheni hazifutani. Njia ipi inatumika? Iko kwenye sera, mstari mmoja na nusu.

Nilizipenda zile ishirini na nne. Tuliziandika kwenye karatasi ndefu za safu kumi na nne, kwa penseli, na mzee aliyenifundisha alikuwa anajua jumla imekosewa kabla hajaifikia, kwa kuangalia tu urefu wa safu. Hayo yapite.

Hili la mapato linakuhusu na wewe, Mhariri. Waandishi wako bado wanaandika kwamba kampuni fulani "imepata" mabilioni, wakiwa wametaja ada zote zilizouzwa mwaka huo, pamoja na zile ambazo ulinzi wake ni wa mwaka kesho, pamoja na fungu linalokwenda kwa kampuni za bima mtawanyo, na zamani hata zile ambazo mteja hajalipa bado. Nchi ilipoanza kufuata viwango vya kimataifa, Julai 2004, bima ilipewa kiwango cha muda, IFRS 4, kilichotuachia tuendelee karibu kama tulivyokuwa, kila nyumba na desturi yake. Mjadala wa kiwango cha kudumu ulikuwa umeanza 1997. Kilitolewa Mei 2017, kikasogezwa mara mbili, kikaanza 2023. Baada ya miaka yote hiyo mstari wa kwanza wa hesabu sasa ni mapato ya huduma iliyotolewa. Ada zilizouzwa hazipo tena pale juu. Kwa hiyo mwandishi anayezitaja kama mapato amezichukua kwenye hotuba ya mtu.

Kuna namba moja ambayo ningependa kila mwenye gari aijue. Ajali ikitokea Desemba 28 na abiria aliyevunjika mguu akarudishwa kwao kijijini, dai lake linaweza kufika mezani Aprili, wakati hesabu zimefungwa. Kampuni lazima ikisie madai ya namna hiyo: yaliyotokea na hayajaripotiwa. Hakuna faili, hakuna jina, kuna pembetatu za miaka iliyopita na akili ya mtakwimu bima. Ndiyo namba laini kuliko zote kwenye mizania, na mikono huijua. Januari moja meneja mkuu aliingia ofisini kwangu, akasimama badala ya kukaa, akauliza kama namba ile "haiwezi kuteremka kidogo". Nilimwambia si yangu, aongee na mtakwimu bima. Akaongea naye. Iliteremka. Mwaka ule bonasi ilikuwa nzuri, nami nilipokea yangu, na mwaka uliofuata tukaongeza namba ileile mara mbili kwa sababu waliovunjika miguu hawakuwa wameongea na meneja.

Kiwango kipya kimeweka kibano hapo. Juu ya makisio lazima iongezwe nyongeza ya tahadhari, kwa kuwa makisio yanaweza kukosea, na kampuni lazima itaje inalenga uhakika wa kiasi gani. Ikiandika asilimia 75, inasema kwamba katika hali mia moja zinazoweza kutokea, fungu hili linatosha katika 75. Ikishuka kutoka 80 hadi 70 mwaka ambao faida imepungua, msomaji hahitaji kuwa mhasibu kuelewa kilichotokea. Namba hiyo kwenye ripoti yangu iko ukurasa wa 34, katikati ya aya, haina hata koloni mbele yake.

Majengo. Kampuni yenye jengo la kupangisha inaweza kuchagua kuliandika kwa gharama au kwa thamani ya soko. Ikichagua ya soko, mthamini akisema limepanda bilioni moja, bilioni hiyo inaingia kwenye faida ya mwaka ingawa haujauzwa hata mlango wa choo. Ni halali kabisa. Ila anayesoma "faida imepanda" ajue ni faida ya matofali, haiwezi kulipa kanta ya mtu.

Kwa wenye bima za maisha na za elimu ya watoto mambo ni tofauti na siyo dawati langu, nitasema moja tu. Zamani kampuni iliweza kuonja faida ya mkataba wa miaka kumi mapema mno. Sasa faida hiyo inawekwa kando kama deni na kutolewa kidogokidogo kadiri huduma inavyotolewa; machungwa hayauzwi yakiwa maua. Hasara haina subira hiyo. Mikataba inayoonekana kuwa ya hasara inapigwa kwenye hesabu siku ileile inapojulikana, na haruhusiwi mtu kuifunika kwa kuichanganya na mikataba minono ya mwaka mwingine. Kampuni zinazouza bima kwa bei ya kutupa ili zionekane kubwa zinalijua hili vizuri, ndiyo maana siku hizi zina watakwimu bima wawili.

Sasa ombi langu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Hakimu anaweza kumweleza mtu kwa Kiswahili kwa nini amepoteza shamba. Kampuni ya bima inaweza kumweleza kwa Kiswahili namna inavyohesabu deni lake kwake. Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iagize kila kampuni inapochapisha hesabu zake gazetini iweke pia safu moja ya Kiswahili: ada inaingizwaje kwenye mapato, madai inatarajia kuyalipa kwa muda gani na mwaka uliopita yalichukua muda gani hasa, uhakika wa makisio ni asilimia ngapi na mwaka juzi ilikuwa ngapi, faida ya majengo ni kiasi gani kati ya faida yote. Karatasi moja. Wahasibu wa kuiandika wapo, wengine tumestaafu na tunakaa tu tunapalilia mchicha. Na Bodi ya wahasibu, NBAA, yenye mashindano yake ya kila mwaka ya taarifa bora za fedha, ingeweza kutoa alama kwa ukurasa ambao mwenye kanta anauelewa.

Wenye madai yaliyokwama pia wasisahau kwamba ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mtoto wa kaka yangu ameshajaza fomu, tunaipeleka ikibidi.

Kabla ya hapo nilitaka kujaribu ukurasa wa 27. Jumatatu nilikwenda naye mpaka kaunta. Kijana wa pale akaniamkia, shikamoo mama, nikamjibu marahaba mwanangu, nikamwekea ukurasa mbele yake, aya imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Aliisoma akichezesha midomo. Akaisoma tena.

"Hii ni ya kwetu?"

Nikamgeuzia jalada lenye nembo, ileile iliyoko kwenye shati lake. Akapiga picha kwa simu, akaingia ndani. Tulikaa nusu saa chini ya feni iliyokuwa inazunguka bila kutoa upepo. Aliporudi alisema meneja yuko Dar, ila amesema turudi Alhamisi na asubuhi, siyo mchana. Mara zote kumi na moja zilizopita hatukuwahi kupewa siku.

Kisha akainama kwenye kaunta, akauliza kwa sauti ya chini nimeipata wapi. Nikamwambia kwenye tovuti yenu. Akaniomba nimwachie nakala aisome vizuri. Nikamwonyesha steshenari iliyo ng'ambo ya barabara, shilingi 150 kwa ukurasa.

Mhasibu mstaafu,
Chumbageni, Tanga
Juni 2025